Saa ya Safari Hutazamwa Ufunguo

Nimechoka kusikia saa mbovu zikisifiwa. Kwenye harusi moja kule Njoro, bwana mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda Kigali aliivua saa yake mpya mezani, watu wakapokezana, na kila aliyeishika aliipima uzito kiganjani kabla ya kumpa mwenzake. Wakakubaliana kwamba hiyo ndiyo saa ya msafiri. Usoni ilikuwa na visaa vidogo vitatu, vyote vya kuchorwa. Akrabu za visaa hivyo hazijasogea tangu kiwandani wala hazitasogea. Mgongoni imeandikwa "Stainless Steel Back", nao wakafurahia chuma kisichoshika kutu. Maneno hayo hayasemi kwamba saa nzima ni ya chuma hicho. Yanasema mgongo peke yake. Bodi ni madini rahisi yaliyopakwa rangi ya fedha, na jasho la joto la Marigat litaibambua mapema.

Uzito si ubora. Saa ya safari ni ile unayoisahau mkononi mpaka uihitaji. Upana wake usizidi milimita 40. Uso uwe mweupe au wa fedha, kwa sababu ndio unaosomeka alfajiri ndani ya matatu ambayo dereva amezima taa. Uso mweusi ni wa wapiga mbizi. Mkanda wa ngozi ni wa kanisani. Na asiniambie mtu kwamba simu inatosha: anayetoa simu mfukoni steji ili aone saa anawaonyesha wengine pia.

Mnunuzi wa hapa Nakuru hutazama kioo, jina, kisha mkanda. Ufunguo, kile kirungu cha pembeni cha kurekebishia majira, hautazami kabisa, na katika Bonde la Ufa saa nyingi hufa kupitia ufunguo. Kinachoziua ni vumbi.

Vumbi letu ni majivu ya volkeno, ya Menengai, Eburru na Longonot, yaliyosagika yakawa laini kuliko unga. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, dunia nzima imeona jinsi vumbi la Kedong, karibu na Naivasha, linavyohangaisha magari yaliyoundwa kwa fedha nyingi na mafundi bora. Nalo hilo ni nafuu. Ukitoka Gilgil kuja Nakuru unapita Kariandusi, kunakochimbwa diatomaiti: udongo mweupe wa maganda ya mwani wa ziwa la kale, karibu wote ni silika. Viwandani hutumika kuchuja vinywaji na kung'arisha vyuma. Chembe zake zikiingia kwenye mafuta ya saa, mafuta hayalainishi tena, yanasaga. Mihimili ya magurudumu inalika kidogo kidogo. Saa inaanza kubaki nyuma dakika mbili kwa siku, kisha tano, kisha inasimama, na mwenyewe anasema betri imeisha hata kama saa ni ya otomatiki.

Vumbi linaingia wapi? Kioo kimegandamizwa na hakisogei. Mgongo umekazwa juu ya raba pana. Ufunguo pekee ndio unaovutwa na kuzungushwa. Kijiti chake kinapenya bodi, na kati yake na mrija wake kuna raba nyembamba ambayo wauzaji wengi hawajui kama ipo.

Hapo ndipo asiye na mazoea hukosea kila mara. Anavuta ufunguo, anauzungusha, unakwenda bila kizuizi, naye anatabasamu: "Hii ni laini, ni mpya." Amesifu ugonjwa. Ufunguo wenye raba nzima haukimbii chini ya kidole. Unasita kidogo, na kusita huko hakubadiliki mzunguko mzima, tena ukiuachia unabaki pale pale ulipouacha. Unaozunguka kwa wepesi, raba yake imekauka, imekatika, au haikuwekwa kamwe.

Usiishie hapo. Kabla hujaugusa, inamisha saa kwenye mwanga utazame mahali ufunguo unapokutana na bodi. Ukiona pete ya vumbi imeganda, jua kwamba lililo nje lina jamaa yake ndani. Uvute: hatua ya tarehe, kisha hatua ya akrabu, kila moja iwe na mlio wake. Ukiwa umeuvuta, usukume kwa pembeni. Ukicheza huku na huku, mrija umelika na hakuna raba itakayoziba pengo hilo. Urudishe ndani, kisha jaribu kupitisha ukucha kati ya ufunguo na bodi. Ukucha ukipita, ufunguo huo ni wa saa nyingine.

Mzee aliyenifundisha kazi, fundi wa Kihindi aliyekuwa na kibanda karibu na Kenyatta Avenue, hakuuliza mteja saa ina shida gani. Aliweka lenzi jichoni, akasoma ile pete ya vumbi, na mara nyingi akasema mteja ametoka wapi: kijivu ni hapa mjini, nyeupe ni Gilgil, ya wekundu ni Elburgon kwenda juu. Wateja walidhani anapiga ramli. Kila asubuhi alinyunyiza maji sakafuni. Alifungua saa kabla ya upepo kuamka, na baada ya saa sita mchana alifanya kazi za mikanda na vioo tu. Ufunguo hakuuvuta kabla ya kuupangusa kwa brashi, hata kama saa imetoka kwenye boksi. Kijana aliyevuta ufunguo mchafu mbele yake alirudishwa kufagia. Wanafunzi wake wengine wangali Nakuru, na unawatambua kwa ile brashi.

Walaghai nao wanajua habari ya kusita. Kulikuwa na mchuuzi mmoja aliyekuwa akichovya kijiti cha ufunguo kwenye mafuta mazito ya kupaka mwilini. Ufunguo ulishika vizuri, mnunuzi akalipa, akashuka na saa hiyo Baringo. Kwenye joto mafuta yakalegea, yakatambaa mpaka usoni mwa saa. Ujanja huo una dawa. Fumba saa ndani ya ngumi mpaka ipate joto la mwili, kisha zungusha tena. Raba haibadiliki, mafuta yanalainika.

Wabaya zaidi ni wapaka rangi. Saa za Seiko 5 za zamani hukusanywa, nyingi huko India, zikapakwa uso mpya wa machungwa au buluu ambao kiwanda hakikuwahi kuutoa, na vijana wanazipigania kwa jinsi zinavyong'aa. Geuza mgongo. Alama nne za kwanza za namba ya mashine, tuseme 7009 au 7S26, lazima zifanane na zile ndogo sana zilizo ukingoni mwa uso, chini karibu na namba 6. Kwenye namba ya mfululizo, alama ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha sifuri au O kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Maandishi madogo ya uso yaliyovimba au kupinda yanatosha kukufanya uirudishe mezani.

Hata hivyo Seiko 5 halisi ndiyo saa ya safari katika nchi hii, na sina nafasi ya ubishi juu ya hilo. Ufunguo wake uko penye namba 4, umezama ndani ya bodi. Dereva wa lori anayepanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit mkono wake wa kushoto uko kwenye gia kutwa. Ufunguo uliochomoza penye namba 3 humchoma mgongo wa kiganja kila anapobadilisha, na kila mguso unaulegeza. Tena mashine ya 7S26, iliyotoka mwaka 1996, haijazwi kwa ufunguo hata ukitaka. Mkono ukitembea inajijaza. Ufunguo hauguswi ila kwa kurekebisha majira. Kinachoguswa mara chache hakiliki haraka.

Casio F-91W ya mwaka 1989 naiheshimu kwa sababu hiyo hiyo. Ina gramu 21, na haina ufunguo kabisa, vibonyezo vitatu tu. Zamani tuliwaambia wateja wabonyeze cha kulia sekunde tatu, na ya kweli ikaandika jina la kampuni. Sasa feki nyingine nazo zimejifunza. Lakini ni tarakimu tupu. Msafiri anataka kuona kipande cha muda kilichobaki kabla gari halijaondoka, na kipande hicho huonyeshwa na akrabu peke yake.

Mji huu wa Nakuru ulijua saa. Reli hugawanyika hapa, tawi moja kwenda Kisumu na jingine Eldoret mpaka Uganda, na gadi wa treni ambaye saa yake ilikosea hakuwa na pa kujificha. Wafanyakazi wa reli ndio waliotulea sisi mafundi. Walileta saa kusafishwa kabla hazijasimama, wakangoja, wakalinganisha na saa ya stesheni, kisha ndipo wakalipa. Shirika la pamoja la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, wateja wa namna hiyo walianza kupungua, na mpaka leo sijaona wa kuwarithi. Sasa mtu huniletea saa ikiwa imekufa, akiniomba niipake rangi.

Saa yenye akrabu ya nne, ya kuonyesha majira ya nchi nyingine, inauzwa ghali kwa wasafiri wa huku bila sababu. Kutoka Nakuru mpaka Kampala, Dar es Salaam au Addis Ababa hakuna cha kubadilisha. Ni mpaka uvuke Katuna kuingia Rwanda, au uingie Kongo ya mashariki, ndipo unarudi nyuma saa moja. Sudan Kusini pia, tangu Februari 2021. Vuta ufunguo, rudisha akrabu, basi.

Ukungu nao usiupuuze. Saa iliyofunguliwa Kisumu au Mombasa hubeba hewa nzito ya huko, na ikifika kwenye baridi ya Molo usiku kioo kinalia kwa ndani. Dukani, ipashe joto kiganjani kisha weka tone la maji baridi sana juu ya kioo. Ukungu ukitokea chini ya tone, achana nayo. Maandishi ya mita 30 mgongoni ni ya kunawa mikono na mvua, hayahusu kuogelea.

Mkanda uwe wa nailoni, wa kipande kimoja unaopita chini ya saa, wa aina waliyopewa wanajeshi wa Uingereza tangu 1973. Pini moja ikikatika, saa inabaki mkononi kwa pini ya pili. Abiria wa dirisha la kushoto ndiye anayenyakuliwa saa gari likisimama, na mnyakuzi hutegemea pini dhaifu. Mwambie fundi akuwekee pini nene, na uzilipie bila kuuliza punguzo.

Ukishapata saa, chagua na mkono utakaoifungua. Fundi mzuri hufunika mashine kwa bilauri iliyopinduliwa kila anapoinuka, hata akienda tu kupokea simu. Anayeiacha wazi mezani huku matatu zikirudi nyuma mlangoni pake, chukua saa yako, na vipande vyake kwenye karatasi, uende kwa mwingine.