Simu Inayoujua Mwezi Kabla ya Kuuona

Machi 2023, mtumiaji mmoja wa simu ya Samsung alifanya jaribio dogo lenye aibu kubwa ndani yake. Alichukua picha ya mwezi mpevu, akaipunguza ukubwa na kuitia ukungu mpaka mashimo yote yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa za chumba, akasimama mbali na kuipiga kwa simu. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo. Kampuni haikukana, ilieleza kwamba simu zake zimefundishwa sura ya mwezi kwa picha nyingi, na zikishautambua huuongezea undani. Watu walicheka, wakabishana, kisha wakaendelea kupiga. Huko kuendelea ndiko kunakonisumbua. Kama hakuna anayejali mashimo yale yalitoka wapi, basi ufundi wa kuukamata mwezi kwa lenzi ndefu umeshaanza kuonekana kama usumbufu wa bure, na wanaoujua watazeeka bila wanafunzi.

Ufundi huo, kwa hoja yangu, ni ufundi wa kunyima. Mwezi mpevu si taa. Ni jiwe linalopigwa na jua la mchana, na udongo wake ni mweusi kuliko tunavyodhani: hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoufikia, karibu sawa na lami iliyochakaa. Kamera ikiachiwa uamuzi huona giza tele, hukimbilia kuongeza mwanga, na mwezi hugeuka sahani nyeupe isiyo na kitu. Fundi huikatalia. Huipiga picha ya usiku kwa vipimo vya mchana: tundu la f/11, na kwa ISO 100 kasi ya kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Giza linalozunguka mwezi analiacha liwe giza. Wachongaji wa Wamunyu, mji wa vinyago ulioko Machakos nchini Kenya, wanalielewa jambo hili bila kuambiwa, kwa kuwa mji huo umekula jasho la tezo tangu Mutisya Munge arudi na uchongaji aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kinyago hutoka ndani ya gogo kwa kuondoa kisichotakiwa, na kipande kilichokwisha kuondolewa hakirudi. Picha ya mwezi nayo ndivyo ilivyo: mwanga ukizidi, madoa na mashimo yameungua, na hakuna ujanja wa baadaye utakaoyarudisha, isipokuwa ule wa kuyabuni.

Tena mwezi mpevu ndio mgumu kuliko miezi yote, ingawa wengi huanza nao. Ukiwa nusu, jua huupiga ubavuni na kila ukingo wa shimo hutupa kivuli. Ukipevuka, jua huupiga usoni, vivuli hutoweka, na kinachobaki ni tofauti nyembamba za kijivu pamoja na miale inayotawanyika kutoka shimo la Tycho. Lenzi nayo haisaidii kama matangazo yanavyodai. Mwezi una upana wa nusu digrii tu angani, kwa hiyo lenzi ya milimita 300 huuweka kwenye filamu kama duara lisilofikia milimita tatu, na ya milimita 600 hulifikisha kwenye tano na ushei. Kinachoukuza mwezi ni umbali wa kile kilicho mbele yake. Mgunga wenye urefu wa mita kumi hulingana na mwezi mpiga picha akiwa zaidi kidogo ya kilomita moja kutoka kwenye mti huo. Akiusogelea, mti huumeza mwezi. Inambidi arudi nyuma, avuke mashamba ya watu, na afike kabla ya jua kuzama, kwa sababu mwezi mpevu huchomoza takriban jua linapotua na kila dakika mbili husogea upana wake mzima. Akishafika, lenzi humkanusha tena. Jicho huapa kwamba mwezi ulio karibu na upeo ni mkubwa kupita kiasi. Picha huonyesha kwamba sivyo, na kwa hakika wakati huo mwezi uko mbali nasi kidogo kuliko ukiwa utosini.

Hapo ndipo ilipo thamani ninayoitetea. Picha iliyopigwa hivyo ni ushahidi. Wamunyu iko kama digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na mwezi huchomoza upande wa Kitui, ng'ambo ya Mto Athi, ukiwa umelala ubavu: kaskazini yake kushoto, Tycho kulia, na lile doa la mviringo liitwalo Bahari ya Misukosuko likiwa juu. Alfajiri unapotua upande wa Machakos, kila kitu kimegeuka. Doa liko chini na Tycho iko kushoto. Mwezi mpevu wa Juni hupita kusini mwa utosi, na anayeutazama usiku wa manane huiona Tycho chini. Wa Desemba hupita kaskazini, na Tycho huwa juu. Ramani zilizochorwa Ulaya, zenye kaskazini juu siku zote, hazina habari na haya. Atakayejua kusoma picha ya mwezi na kichaka kilicho chini yake ataweza kukisia saa, majira na upande uliotazamwa bila kuuliza mtu.

Wala hii si nadharia tupu. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipoupiga mwezi uliokaribia kupevuka juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, hakukipata kipimo chake cha mwanga. Jua lilikuwa likiiacha misalaba ya makaburi, naye akapanga kamera kwa kukumbuka mwangaza wa mwezi, uliokuwa kichwani mwake kama namba. Alipata picha moja. Kabla ya ya pili, mwanga ulikuwa umeondoka. Adams hakuwa mtunzaji mzuri wa tarehe na kwa miaka mingi alitaja miaka inayopingana. Wanaastronomia ndio waliokuja kuisoma picha yenyewe, wakapima mwezi ulisimama wapi juu ya milima, na hatimaye wakafika 1 Novemba 1941, muda mfupi kabla ya saa kumi na moja jioni. Mpiga picha alisahau. Mwanga ulioingia kwenye lenzi ulikuwa na kumbukumbu.

Nitaambiwa kwamba kamera zote za leo zinahesabu, na kwamba hata wapiga picha wa anga huunganisha mamia ya picha ili kupata moja safi. Ni kweli, ila wanaounganisha huchambua mwanga ulioingia kwenye lenzi yao usiku ule. Wanatupa mtikisiko wa hewa na kubakiza kilichopita. Kuongeza kisichopita ni kazi nyingine. Nitaambiwa pia kwamba chombo cha NASA kimeuzunguka mwezi tangu 2009 na kuupiga kwa undani ambao lenzi yoyote ya duniani haiufikii, basi picha ya Machakos ni ya nini? Chombo hicho hakijawahi kuuona mwezi ukilala ubavu juu ya mgunga, nyuma ya vumbi la Agosti. Hoja ya bei ndiyo nzito: lenzi ndefu ni ghali, na simu imewapa wengi mwezi waliokuwa hawana. Naiheshimu hoja hii kuliko zile mbili. Hata hivyo, mtu anaweza kushikiza simu hiyohiyo kwenye kioo cha darubini ya mkono, akazima usaidizi wa akili unde, akapunguza mwanga kwa kidole, akapata mwezi mdogo wenye mawimbi kidogo ulio wake. (Wa Nairobi wasijitetee kwa taa za mji, mwezi mpevu hauzijali.) Ufundi haukuwahi kuanza na fedha, na Wamunyu ni mashahidi.

Wamunyu ni mashahidi pia wa upande wa pili. Soko la watalii lilipotaka twiga wengi, wa haraka na wanaofanana, mji uliwatoa. Muhugu ukaadimika misituni, wachongaji wakageukia mwarobaini, mjakaranda na mwembe. Mti mbadala haukuiharibu kazi, na pengine uliikoa. Kilichoiumiza ni mnunuzi aliyeacha kugeuza kinyago mkononi na kutafuta alama ya tezo, akatosheka kwamba ni twiga. Mchongaji mwenye mkono mzuri na mwenye mkono wa pupa wakalipwa sawa, na kijana aliyeketi akiwatazama akajua amfuate yupi. Mwezi wa simu umeshampata mnunuzi wa namna hiyo, na wapo mamilioni. Anayetembea kilomita moja kuukimbia mti, akahesabu saa ya kuchomoza na kuikatalia kamera mwanga, ataweka picha yake kando ya ile ya simu, nayo itaonekana hafifu zaidi.