Mifumo Inasomana, Lakini Je, Inaelewana?

Kama unafuatilia habari za TEHAMA serikalini, sentensi hii umeisikia mpaka umeizoea: mifumo isomane. Viongozi wanaidai, wataalamu wanaiahidi, na sisi wananchi tumeipokea kama dawa ya kila kitu, kuanzia foleni hadi mafaili yaliyopotea. Sina ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wangu ni na neno lenyewe. Mtu anaweza kukusomea gazeti la Kijerumani kwa sauti nzuri kabisa na asielewe hata mstari mmoja. Kusoma amesoma, ila hajaelewa. Kwenye rekodi za wagonjwa, pengo hilo linaweza kugharimu maisha.

Tuchukue Mkoa wa Pwani. Kisarawe na Kibaha ni mkoa mmoja, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi, iko Kibaha. Tuseme mjamzito ameanza kliniki kwenye zahanati huko upande wa Maneromango, wilayani Kisarawe. Presha imepanda, amefikishwa hospitali ya wilaya, na sasa anapewa rufaa kwenda Kibaha. Huu ni mfano wa kufikirika. Simsemi mgonjwa wala hospitali yoyote. Tuseme pia kila kituo kina kompyuta, umeme upo, intaneti ipo, na taarifa zake zimefika kabla ya gari la wagonjwa. Mkunga anayempokea atazielewa?

Hapo ndipo metadata inapoingia. Usiogope neno. Metadata ni maelezo yanayoieleza taarifa: ni ya nani, imepimwa kwa kizio gani, lini, wapi. Fungua rejesta ya MTUHA Namba 6, ile ya wajawazito. Vichwa vya safu vilivyochapwa juu ya ukurasa, pamoja na maelekezo ya namna ya kujaza, ndiyo metadata. Ukikata ukurasa ukabakiza namba tu bila vichwa, umebaki na namba zisizosema kitu. Kwa hiyo wauguzi wetu wamefanya kazi na metadata miaka mingi kabla ya kompyuta kufika kliniki.

Saa 4 ni saa ngapi?

Turudi kwa mgonjwa wetu. Amepewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba. Kwa utaratibu wa sindano za msuli, dozi za kuendeleza hurudiwa kila baada ya saa 4. Rekodi inasema: "dozi ya mwisho saa 4."

Wewe na mimi tunajua saa 4 asubuhi ni ile ambayo kompyuta inaiita 10:00. Kompyuta haijui. Ikisoma 04:00, imekosea kwa saa 6, yaani zaidi ya muda wa dozi nzima. Halafu kuna kosa lingine la kimyakimya: mifumo mingi hujipigia muhuri wa saa pale mtu anapobofya kitufe cha kuhifadhi. Muuguzi aliyekuwa anamhangaikia mgonjwa akiingiza taarifa saa 2 baadaye, ni muda upi umeandikwa? Wa sindano au wa kubofya? Bila metadata inayotenganisha mambo hayo mawili, mfumo wa pili utasoma namba bila herufi kukosekana, na utakuwa umepotoshwa.

Mahali nako vilevile. "Kibaha" ipi? Kuna halmashauri ya mjini na kuna ya wilaya. "Kisarawe" ipi? Kuna wilaya ya Pwani, na kuna kata ya Kisarawe II kule Kigamboni, Dar es Salaam. Hapa Tanzania imefanya jambo la kusifiwa: kuna Rejesta ya Vituo vya Afya, ambamo kila kituo kina namba yake ya utambulisho. Namba hiyo ikitumika, ubishi unaisha. Jina likiandikwa kwa mkono huru, ubishi unaanza upya.

Lakini linalonitisha zaidi ni nafasi tupu. Sehemu ya mzio wa dawa haina kitu. Maana yake nini? Hana mzio? Hakuulizwa? Aliulizwa akasema hajui? Kwenye karatasi, mkunga angeweza kupiga simu akauliza. Kwenye skrini, nafasi tupu inaonekana safi, na kilicho safi tunakiamini haraka.

Viwango vipo, kwa hiyo shida ni nini?

Utaambiwa: tutumie viwango vya kimataifa, tumalize. Ni kweli vipo, na ni vizuri. ICD ya Shirika la Afya Duniani inatoa misimbo ya magonjwa. LOINC, iliyoanza 1994 huko Marekani, inatoa misimbo ya vipimo vya maabara. FHIR inapanga umbo la ujumbe unaosafiri kati ya mifumo, na ina hadi namna ya kuandika sababu ya jibu kukosekana. Kwa maneno mengine, swali la nafasi tupu limeshapatiwa chombo.

Ila chombo hakijitumii chenyewe. Chukua neno "homa". Mtaani kwetu mtu anaweza kusema ana homa akimaanisha joto la mwili, na mwingine akamaanisha malaria moja kwa moja. ICD-10 inatenganisha: R50 ni homa ambayo chanzo chake hakijajulikana, B54 ni malaria isiyobainishwa aina. Nani anaamua neno la mgonjwa liingie wapi? Akiachwa kila mbunifu wa programu aamue kivyake, mifumo 2 inaweza kufuata kiwango kilekile kwa uaminifu na bado ikapishana.

Kuna tatizo la ndani zaidi, na hapa ndipo lawama yangu ilipo. Taarifa zetu za afya zimezoea kupanda juu. Kituo kinahesabu, kinajumlisha, kinatuma jumla za mwezi, zinaingia DHIS2, wilaya, mkoa na Wizara wanaona. Kwa kupanga bajeti na kufuatilia milipuko, hilo ni la lazima. Lakini mgonjwa haendi juu; anakwenda pembeni, kutoka kituo kimoja hadi kingine. Jumla ya wajawazito wenye presha wilayani haimsaidii mkunga aliyesimama mbele ya mmoja wao. Tukijisifu kwamba mifumo inasomana kwa sababu ripoti zimefika Dodoma, tumepima kitu kingine kabisa.

Wengine watasema dawa ni mfumo mmoja kwa nchi nzima. GoTHOMIS ipo, iongezewe nguvu, basi. Mfumo mmoja unapunguza kazi, sikatai. Lakini watu 2 wanaotumia programu moja wanaweza kujaza kisanduku kimoja kwa maana 2. Na hospitali za mashirika ya dini na za binafsi hazitaondoka kesho. Wengine watasema tuanze na umeme na intaneti. Sawa, vinahitajika. Ila kukubaliana "nafasi tupu maana yake nini" hakuhitaji hata waya mmoja. Kunahitaji meza, viti, na watu sahihi.

Watu hao ni nani? Mkunga, mtu wa maabara, mfamasia, mtunza kumbukumbu, pamoja na mhandisi wa programu. Kazi yao iwe kamusi ya data: kila kisanduku, maana yake kwa Kiswahili na Kiingereza, kizio chake, msimbo wake wa kimataifa, na jina la ofisi yenye mamlaka ya kukibadilisha. Iwe wazi, mwanafunzi yeyote aweze kuifungua na kuikosoa.

Wewe unayesoma ukiwa mwaka wa tatu wa kompyuta, au unasomea uuguzi, siku moja utakaa kwenye kikao ambacho mtu ataonyesha dashibodi yenye rangi nzuri na kusema mifumo sasa inasomana. Usimpigie makofi bado. Muulize: saa hii ni ya sindano au ya kubofya? Na hapa palipo patupu, mgonjwa hana mzio, au hakuna aliyemuuliza?