Meru Hupandwa kwa Ubavu Uliobomoka

Ukisimama Sanawari, Arusha, asubuhi kabla mawingu hayajashuka, utadhani Mlima Meru unafikika kabla ya chakula cha mchana. Mteremko unapaa kutoka kwenye migomba ya Sekei na Ilboru moja kwa moja hadi juu. Lakini anayetaka kuupanda hupanda gari kwanza. Anashika barabara ya Moshi, anapita Tengeru na Usa River, anakata kushoto, anaingia lango la Ngongongare na kusonga hadi lango la Momella. Anakuwa ameuzunguka mlima hadi upande wa pili kabla hajapiga hatua hata moja. Hiyo ndiyo njia pekee rasmi ya kwenda kileleni. Wengi hudhani ni mambo ya vibali na mapato ya hifadhi. Mimi nasema mlima wenyewe ndio uliochagua, na waliochora njia walikuwa na busara ya kuufuata.

Takriban miaka 8,000 iliyopita ukuta wa mashariki wa Meru uliporomoka. Mawe, tope na majivu vilimiminika hadi upande wa Kilimanjaro. Vile vilima vidogo vidogo unavyopishana navyo ukielekea Momella ni mabonge ya mlima wa zamani, na maziwa ya Momella yametuama katika vishimo kati ya mabonge hayo. Kilichobaki juu ni bakuli lililopasuka upande mmoja. Ndani yake kuna genge la mita kama 1,500, na mguuni pa genge imeota koni ya majivu yenye kilele cha mita 3,667. Volkano ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910, jambo ambalo mababu wa watu wanaoishi hapa leo waliliona kwa macho.

Sasa jiweke mahali pa mchora njia. Upande wa Arusha unakupa mteremko mkali, msitu mnene unaopokea mvua nyingi, na hakuna kituo cha asili njiani. Upande wa mashariki unakupa ufa. Ukiingia kwa ufa huo, unatembea juu ya sakafu ya bakuli badala ya kung'ang'ania ukuta wake wa nje. Kisha unapanda bega la kaskazini, ambalo mlima umelilaza kidogo, na kutoka hapo unafuata ukingo wa bakuli mpaka kileleni. Hakuna mahali unapohitaji kamba.

Siku ya kwanza, kutoka Momella, kwenye mita kama 1,500, kuna njia mbili za kufika kituo cha Miriakamba. Moja ni fupi na inakatiza kwenye nyasi. Nyingine ni ndefu, imelainishwa kiasi cha gari kupita, na inazunguka msituni katikati ya mitarakwa na mipodo. Watu wengi hupanda kwa moja na kushuka kwa nyingine. Nakushauri uchague ile ndefu wakati wa kupanda, maana inaongeza urefu polepole na mwili unapata nafasi ya kuzoea. Humo ndimo ulipo mtini ulioacha upinde juu ya njia. Mbegu yake ilianguka juu ya mti mwingine, mizizi ikateremka ikaukumbatia mwenyeji mpaka akafa, na leo gari linapita pale aliposimama.

Mito midogo ya bonde hili ni myeupe na baridi, na inatamanisha. Kuwa na tahadhari. Miamba ya volkano ya Meru hutoa floraidi nyingi, na ndiyo maana meno ya watu wengi wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki yana rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki ileile na ukali wake unaongezeka.

Kuna sharti jingine lililounda safari hii: huendi bila askari mhifadhi mwenye bunduki. Nyati na tembo wanatumia vijia hivihivi. Matokeo yake ni kwamba kundi hutembea pamoja na mwendo hupangwa na yule wa mbele. Kwa wenye haraka ni kero, lakini kwa mapafu ni dawa.

Siku ya pili ndipo ufundi wa njia unapopimwa. Kutoka Miriakamba, mita 2,514, hadi kituo cha Saddle, mita 3,570, unapanda ngazi na ngazi tena, nyingi zikiwa za magogo yaliyolazwa kwenye udongo. Katikati kuna mahali panaitwa Topela Mbogo. Sikiliza neno hilo: kutopea ni kuzama kwenye tope, na mahali ambapo mbogo anatopea, buti la mwanadamu halina ujanja. Udongo wa mlima huu umezaliwa na majivu. Ukiwa mkavu ni vumbi, ukilowa unateleza kama sabuni. Gogo linazuia udongo usiteremke, lakini mvua ikija maji yanachimba nyuma yake, na ngazi inabaki juu ya shimo. Mpandaji aliyechoka hainui goti juu kiasi hicho. Anapita pembeni. Wapagazi, wagumu kama wanavyoitwa huku, wenye mizigo kichwani, nao hupita pembeni, na nani atawalaumu? Majani ya pembeni yanakufa, maji yanapata mfereji mpya, na baada ya misimu michache njia moja imekuwa tatu.

Tiba yake inajulikana na ni ya jembe: kukata mtaro wa mshazari juu ya ngazi ili maji yatoke njiani kabla hayajapata nguvu, kisha kuuzibua kabla ya masika. Ngazi mpya bila mtaro ni kazi ya kurudiwa. Katika kila njia ya msituni, iwe Meru, iwe kando ya Ziwa Duluti, kitu cha kwanza ninachotazama ni wapi maji yanatoka njiani.

Udhaifu wa Meru uko kwenye hesabu. Vituo vimepandishwa mita elfu moja kimoja juu ya kingine, na kileleni ni mita 4,562, karibu elfu nyingine. Kwa kulala, juu ya mita 3,000 wataalamu hupendekeza kuongeza mita 300 hadi 500 tu kwa usiku. Umbo la mlima halitoi vituo vingine kwa urahisi, kwa hiyo waongozaji hutumia kilele kidogo cha jirani, Meru Ndogo. Mchana wa siku ya pili unatoka Saddle bila mzigo, unapanda hadi mita 3,820, unakaa, unashuka kulala. Panda juu, lala chini. Anayebaki kitandani akisema anatunza nguvu kwa ajili ya usiku anajinyima dawa kubwa iliyopo.

Safari ya mwisho huanza usiku wa manane. Baada ya mahali panapoitwa Rhino Point njia inashuka kwanza, jambo linalovunja moyo gizani, kisha inashika ukingo. Kushoto ni bakuli, kulia ni mteremko wa majivu. Kupanda usiku kuna faida: baridi huyashika majivu yasikimbie chini ya buti, na mawingu bado yamelala. Ila mwamba ukiwa na barafu ni bora kusubiri mwanga, hata kama jua litakukuta njiani.

Litakapotoka, litatokea nyuma ya Kilimanjaro, upande ule ule wa ufa ulioingilia. Kisha geuka nyuma. Chini kabisa, mguuni pa mteremko ambao hakuna anayeruhusiwa kuupanda, taa za Arusha zinazimika moja moja.