Kuutambua Mzigo Uliofungwa Vizuri

Katika malango ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupandishwa kwenye mizani kabla haujaanza safari. Kanuni inataka mzigo wa safari usizidi kilo 20, mbali na nguo na matandiko ya mpagazi mwenyewe. Kanuni hiyo ni ya haki na sina neno dhidi yake. Ila mizani hujibu swali moja tu, na wengi wakishasikia jibu lake huona kazi imekwisha. Chukua viroba viwili vilivyopita lango la Machame kwa uzito uleule. Kimoja kitamfikisha mbebaji kambi ya kwanza, zaidi ya mita 1,000 juu ya lango, akiwa bado na nguvu za kusimika hema na kwenda kuteka maji. Kingine kitamfikisha hoi, kiuno kinauma na shingo haigeuki. Tofauti hiyo imeletwa na mikono iliyofunga. Kufunga mzigo wa mlimani ni ufundi kamili wenye vipimo vyake, na anayelipia safari, anayeiongoza na anayebeba wote wangefaidika wakijua kuvisoma.

Uchovu wa mbebaji una vyanzo vitatu: uzito wenyewe, mahali uzito ulipokaa mwilini, na namna unavyocheza mtu anapotembea. Mizani inapima cha kwanza. Kuhusu cha pili, ushahidi upo tangu 1969, pale watafiti wa Marekani, Soule na Goldman, walipopima nguvu wanazotumia watu waliobebeshwa uzito sehemu mbalimbali za mwili. Kilo iliyowekwa kichwani iligharimu zaidi kidogo kuliko kilo ya mwili wenyewe, kama mara 1.2. Uzito wa kilo saba kila mkono uligharimu karibu mara mbili. Miguuni gharama ilipanda hadi kati ya mara nne na sita. Takwimu hizi zinatoa kipimo cha kwanza cha ubora, nacho ni rahisi kuliko vyote: tazama mikono ya mbebaji. Trei ya mayai, taa, kidumu cha mafuta, sufuria iliyokosa nafasi, vyote hivi vikining'inia mkononi ni dalili kwamba aliyefunga alishindwa kuvitafutia mahali. Vinaonekana vyepesi pale langoni. Baada ya saa nne za njia ya msituni, yenye mizizi na tope, mkono huo mmoja umeuvuta mwili mzima upande, na mkono wa pili hauna uhuru wa kushika mti anapoteleza.

Viatu nisiviache. Kama kilo ya mguuni inagharimu mara nne au zaidi, basi buti zito lililolowa ni sehemu ya mzigo hata kama hakuna anayelipima. Mpagazi aliyefunga vizuri mgongoni halafu akavaa buti kubwa la namba isiyo yake, lililojaa maji, amepoteza chini alichookoa juu.

Sasa suala la kichwa au mgongo, ambalo watu hulijadili kwa hisia kuliko kwa hoja. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi waliofanya Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada zinazopimika. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaeleza sababu: waliozoea kubeba hivyo hupoteza nguvu chache kuliko wengine katika kule kuinuka na kushuka kwa mwili kunakoambatana na kila hatua. Wapo wanaochukua matokeo haya na kusema kwamba Mwafrika amezaliwa na kichwa cha kubebea, kwa hiyo apewe mzigo tu. Hesabu yenyewe inawakatalia. Sehemu ya tano ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Mpagazi mwenye kilo 20 amebeba theluthi ya mwili wake, na wale wanawake walipimwa penye usawa, wakati njia ya Machame haina usawa wa kuzungumzia. Isitoshe, utafiti wa Lloyd na wenzake wa mwaka 2010 kwa wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa kubeba kichwani, na maumivu ya shingo yalikuwa malalamiko makubwa. Ninachojifunza hapo ni kwamba kichwa kinaweza kuwa mahali pazuri pa kubebea kwa aliyezoea tangu utotoni, kwa uzito wa wastani, na kwa mzigo uliotulia. Masharti ni matatu, na hilo la tatu liko mikononi mwa anayefunga.

Mzigo uliotulia unatambulika hivi. Kabla haujainuliwa, bonyeza ubavu wa kiroba kwa dole gumba. Likizama kama kwenye unga, ndani kuna hewa, na kila penye hewa kitu kitahama. Kisha kishike mdomoni na ukitikise mara moja. Kijiko kikigonga sufuria, kopo likibingirika, mtungi wa gesi ukigonga chini, umeshasikia sauti ya uchovu wa mchana: kila kinachogonga ndani ni uzito unaosukuma upande mmoja wakati mguu unakwenda upande mwingine, na misuli ya shingo na kiuno ndiyo inayourudisha. Baada ya hapo kitazame kikiwa kimesimama. Kiroba cha kichwani kinatakiwa kiwe na kitako bapa, chenye vitu vizito katikati na chini, unga na mchele vikiwa msingi, sufuria zimepakiwa moja ndani ya nyingine na nafasi zake kujazwa vitu laini. Kikisimama chenyewe juu ya ardhi tambarare bila kuegemezwa, kitakaa kichwani. Fundi mzuri pia hukunja mdomo wa kiroba mara kadhaa kabla ya kuzungusha kamba, ili kamba ibane mkunjo badala ya kubana nguo ya kiroba peke yake; fundo lililofungwa juu ya nguo tupu hulegea kabla ya saa sita mchana. Chini ya yote hayo kuna kata. Kina mama wanaoteremsha mikungu ya ndizi kwenda masoko ya Marangu na Mwika wanajua thamani yake, kwamba kata iliyosokotwa kwa kubana husambaza uzito kuzunguka utosi, na iliyosokotwa ovyo huuacha mzigo ukandamize sehemu moja.

Ujuzi huu una historia ndefu nchini. Misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na bara ilibebeshwa mizigo ya ratili 60 hadi 70, yaani karibu kilo 27 hadi 32 kwa mtu, mizito kupita inayoruhusiwa leo Kilimanjaro. Richard Burton, katika kitabu chake cha 1860, ameeleza namna vitambaa vya biashara vilivyofungwa: vilishindiliwa hadi vikawa kama mto mrefu wa kulalia, vikaimarishwa kwa vijiti na kuzungushiwa kamba, ili robota lisipinde wala kulegea njiani. Watu waliokuwa na miezi ya kutembea mbele yao hawakuhangaika hivyo kwa ajili ya urembo.

Begi la mgongoni lina vipimo vyake. Soko la Memorial pale Moshi limejaa mabegi ya mtumba, na mengi ni mazuri kuliko mapya ya bei rahisi, lakini mnunuzi hutazama zipu na rangi. Atazame kwanza mahali mikanda ya mabegani inapoungana na mgongo wa begi: mshono ukiwa umefumuka hapo, au umerudiwa kwa uzi mwembamba, begi hilo halifai kwa kilo 20. Halafu mkanda wa kiunoni. Wengi huukata kwa kuuona kero, na hapo wanatupa kitu bora kuliko vyote kwenye begi, kwa sababu mkanda huo ukibana vizuri juu ya nyonga huyaondolea mabega sehemu kubwa ya uzito na kuipeleka kwenye mifupa mikubwa na miguu. Ndani ya begi, kilicho kizito kikae karibu na uti wa mgongo, usawa wa mabega hadi katikati ya mgongo. Mtungi wa gesi ukiwekwa upande wa nje, mbali na mgongo, unamvuta mtu nyuma, naye hulipa kwa kuinama mbele siku nzima. Penye ukuta wa Barranco, unaopanda karibu mita 250 na kudai mikono, ndipo begi lenye mikanda linapokizidi kiroba bila ubishi. Wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa mlimani, wanavuka pale na viroba kichwani kila siku, na ninawaheshimu sana kwa hilo. Kuwaheshimu kusitufanye tuone kwamba hawahitaji begi.

Kipimo kingine husahaulika kwa kuwa hakionekani asubuhi: mzigo unaongezeka njiani. Hema kavu lililopimwa langoni si hema lililonyeshewa usiku mzima na kukunjwa likiwa bichi. Njia ya Marangu ina nafuu kidogo, kwa kuwa wageni hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Machame na Lemosho kila kitu hubebwa, hema, meza, viti na hata choo. Kwa hiyo mzigo mzuri wa njia hizo lazima uwe na nailoni nzito ndani ya kiroba, imekunjwa mdomo kabla ya kiroba chenyewe kufungwa, na hema lifungwe mwisho, juu, lisije likalowesha vilivyo kavu. Maji nayo yana kisa chake. Kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, haina chanzo cha maji, na maji yake hubebwa kutoka bonde la Karanga. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 kamili, bila hesabu ya dumu lenyewe. Kuna anayelipunguza hadi nusu akidhani amemwonea mwenzake huruma, kumbe maji yaliyoachiwa nafasi yanapiga kuta za dumu kwa kila hatua, na hewa ya huko juu haina pumzi za kupoteza. Afadhali madumu madogo yaliyojazwa hadi shingoni, yakagawanywa.

Najua pingamizi litakalokuja. Tukianza kusifia ufungaji, atasema mtu, tunawapa matajiri wa safari kisingizio: kilo 25 zilizofungwa vizuri si sawa na 20? Hazilingani. Ufungaji unaondoa mzigo wa ziada unaotokana na kucheza na kukaa vibaya. Hauwezi kuondoa kilo hata moja kwenye magoti. Ukomo wa uzito ni haki ya mpagazi, na mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanza Moshi mwaka 2003, umefanya kazi kubwa kuufanya ukomo huo uheshimiwe. Ninachodai ni kwamba ufungaji mzuri uongezwe juu ya haki hiyo. Wengine watasema dawa ya uchovu ni pole pole, lile neno wanalofundishwa wageni wote. Pole pole ni ya mgeni. Mpagazi huondoka kambini akiwa nyuma, baada ya kuvunja hema na kuosha vyombo, na anatakiwa kufika mbele, chai iwe tayari. Mwendo hauko mikononi mwake. Kilicho mikononi mwake, au mikononi mwa mpishi na kiongozi wake, ni ule muda wa saa moja wa kufunga asubuhi, na mara nyingi huo ndio unaobanwa kwanza. Kiongozi anayewahimiza watu wake wafunge haraka ili watoke mapema anaokoa nusu saa kwa gharama ya shingo za watu kumi.

Kwa hiyo anayetaka kumchagua fundi asimtazame siku ya kwanza, viroba vikiwa vimeshiba na kila mtu ana nguvu. Amtazame asubuhi ya kushuka kutoka Barafu kwenda Mweka. Chakula kimepungua, uzito umeshuka, na viroba vimelegea. Asiye fundi hufunga mdomo palepale palipofungwa Machame, na vilivyobaki vinacheza ndani ya kiroba kilicho nusu, kwenye mteremko wa kuumiza magoti. Fundi humwaga kila kitu juu ya turubai, hushindilia taka zinazoteremshwa kupimwa, huweka vizito chini kabisa kwa sababu ya mteremko, hukunja kiroba hadi kifike usawa wa vilivyomo, kisha hufunga hapo. Kazi hiyo inamchukua dakika kumi na tano, na kambi nzima inaweza kuwa inamwita.