Vita Vilichapwa Kurasa za Ndani

Anayenunua kwa mara ya kwanza gazeti halisi la makoloni ya Amerika la mwaka 1775 hukimbilia ukurasa wa mbele, kisha huvunjika moyo. Hukuta barua ndefu ya msomaji, habari za Ulaya zilizochakaa, na matangazo ya vitambaa na chai. Vita vya makoloni hayo dhidi ya Uingereza havionekani. Vimo, ila ndani, na sababu iko katika kazi yenyewe ya kupiga chapa.

Kwa kawaida gazeti la wakati ule lilikuwa karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati ikatoa kurasa nne. Upande mmoja ulibeba ukurasa wa 1 na wa 4, upande mwingine wa 2 na wa 3. Karatasi ililoweshwa kidogo, mtu mmoja akapaka wino herufi za risasi kwa mipira ya ngozi, mwenzake akavuta mkono wa mtambo. Wakienda kasi walitoa karatasi kama 240 kwa saa, tena upande mmoja tu. Kwa hiyo upande wa nje ulitangulia kuchapwa, ukibeba mambo yanayoweza kungoja. Wa ndani uliachwa mwisho, iwapo tarishi angefika na jambo jipya. Mkusanyaji anayelijua hili hufungua ndani moja kwa moja.

Mfano bora ni Massachusetts Spy. Isaiah Thomas, mwenye gazeti hilo, aliutorosha mtambo wake usiku kutoka Boston, siku chache kabla ya mapigano ya kwanza ya vita hivyo, ya Lexington na Concord, tarehe 19 Aprili 1775, akaupeleka Worcester. Toleo la kwanza la huko lilitoka tarehe 3 Mei, na taarifa yake ya mapigano, iliyojaa ghadhabu dhidi ya askari wa Mfalme, iliwekwa ndani. Thomas alikuwa upande wa waasi waziwazi. Ndiyo maana nakala moja haitoshi: yafaa iwekwe pamoja na magazeti ya London ya miezi hiyohiyo. Hata yale ya London yana kisa chake. Nahodha John Derby wa Salem, akiwa na chombo chepesi kilichoitwa Quero, alifika Uingereza mwishoni mwa Mei akiwa na nakala za gazeti la kwao na viapo vya mashahidi. Ripoti rasmi ya Jenerali Gage, mkuu wa majeshi ya Uingereza huko Amerika, iliyotangulia kuondoka, ilifika siku kadhaa baadaye. Wasomaji wa London walianza kuvisikia vita kwa sauti ya waasi.

Kutambua nakala bandia ni kazi ya macho na vidole. Karatasi ya karne ya 18 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Ni imara, hukunjika bila kuvunjika. Ikiinuliwa kwenye mwanga huonyesha mistari iliyoachwa na nyaya za chekeche la mtengenezaji, na pengine alama ya maji. Herufi huacha kibonyeo kinachohisika kwa kidole. Karatasi ya kahawia inayomeguka pembeni ni ya rojo la miti, iliyoenea magazetini karne moja baadaye. Lakini umri peke yake hautoshi. Toleo la Ulster County Gazette la tarehe 4 Januari 1800, lenye habari za kifo cha George Washington, lilichapwa upya mara nyingi katika karne ya 19, na nakala hizo nazo sasa ni kuukuu. Matundu ya sindano kwenye ukingo wa mkunjo, kwa upande mwingine, yasimtishe mnunuzi: mara nyingi yanaonyesha tu kwamba gazeti liliwahi kushonwa katika jalada la maktaba.

Kosa baya zaidi ni la wanaokata aya ya vita na kutupa karatasi iliyobaki. Katika magazeti hayohayo yaliyodai uhuru, kurasa za matangazo zilibeba zawadi kwa atakayemkamata mtumwa aliyetoroka, pamoja na umri wake, nguo alizovaa na makovu aliyokuwa nayo. Mara nyingi maelezo hayo mafupi, yaliyoandikwa na mtu aliyemwinda, ndiyo maandishi pekee yanayomtaja mtu huyo. Aliyekata aya ya Lexington akaiweka kwenye fremu amemtupa pia huyo mtoro.