Sifa ya Mwenye Kuijua Bastola

Miongoni mwa elimu ambazo watu huzipita bila ya kuzitupia jicho, iko moja niipendayo kwa dhati, nayo ni elimu ya kuitambua silaha kongwe kwa alama zake. Kwani mwenye elimu hiyo, apewapo picha iliyofifia ya mtu mashuhuri, mfano wa Frank Buck wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1884 na kupata sifa duniani kwa kukusanya wanyama wa mwitu wangali hai, huwaachia wengine uso na kofia, naye akatazama kiunoni.

Hutazama hasa chini ya mtutu wa bastola iliyoko hapo. Akiona ule ufito wa kutolea maganda umekaa wazi, ncha yake haikushikwa na kitu, fikira zake huelekea Colt; akiona ncha imepokewa na kipande cha chuma kilichoshuka kutoka mtutuni, huelekea Smith & Wesson, waliofunga ufito wao hivyo tangu mwaka 1902. Na ikiwa picha imekatwa pale pale panapohitajika, basi hunyamaza, na kunyamaza huko nakuhesabu kuwa ndiko taji la fani yake, maana jina la mtu mkubwa lina nguvu ya kumsemesha hata aliye mwaminifu.

Mji wetu wa Dar es Salaam, ambao Wajerumani waliutawala mpaka Waingereza walipouingia Septemba 1916, una haki ya kuijali elimu hii, kwa kuwa dola mbili hizo zilikuwa na bastola zisizofanana hata chembe. Ile ya jeshi la Ujerumani ya mwaka 1879, yenye tundu la milimita 10.6 na nafasi ya risasi sita, haikunjuki, na maganda yake husukumwa moja moja kwa kijiti kupitia kilango cha ubavuni. Hali Webley ya Kiingereza hukunjuka katikati, na papo hapo maganda yote hutupwa nje kwa pamoja. Tena Webley ya namna ya sita, iliyotoka mwaka 1915, ina mpini wa pembe nne, ilhali za jeshi za kabla yake zilikuwa na mpini wa mviringo.

Mwenye kudhani kwamba ujuzi wa namna hii ni milki ya wageni wa makumbusho, na ashuke Kariakoo mpaka Gerezani, awaone wauza vipuri wanavyoigeuza gia kuukuu kiganjani, wakahesabu meno yake, wakapitisha ukucha juu ya hesi ya parafujo, kisha wakataja gari ilikotoka, na mwaka wake. Hawa ni maulamaa wa chuma, nami sioni tofauti baina yao na yule mtambuzi wa bastola isipokuwa kwamba wao hawajaandikiwa vitabu.

Na sisi tupitao kila siku mbele ya Askari wa shaba, aliyesimamishwa mwaka 1927, singe yake ikielekea bandarini, ni wangapi tumewahi kuuliza ile ni bunduki ya namna gani? Huko ni kughafilika, na kwaniuma, kwani chuma kile walikibeba babu zetu.

Hata kwa wakusanyaji wa nchi yetu pana haja ya mtambuzi. C. J. P. Ionides, Bwana Nyoka wa Newala, aliyefariki mwaka 1968, kazi yake ya kukamata nyoka aliifanya kwa koleo na fimbo. Lakini ngano za watu hupenda kumvisha bastola kila mtu wa porini. Basi akitokea mtu na bastola ya urithi, akaipeleka Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, akidai ilikuwa ya fulani, ningependa kibandiko chake kiandikwe hivi: Webley ya jeshi, ya kukunjuka, mpini wa pembe nne, haikuundwa kabla ya mwaka 1915, na mahali pa jina la mwenyewe paachwe wazi mpaka ushahidi utakapopatikana.