Sista Ignatia na Daftari la Wagonjwa

Kitabu cha Mary C. Darrah juu ya maisha ya Sista Ignatia, kilichotolewa na Loyola University Press mwaka 1992, si kitabu ambacho mchungaji wa Kilutheri angekitafuta kwanza. Sisi tuliokisoma hapa Ihanja twaona ingefaa akitafute, ingawa kichwa chake kinatutatiza. Kinamwita mtawa huyu malaika wa chama cha Alcoholics Anonymous, na malaika hakai mezani akiandikisha wagonjwa. Sista Ignatia alikaa, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya astahili kuandikwa.

Bridget Della Mary Gavin alizaliwa Ireland mwaka 1889, akahamia Marekani utotoni, na mwaka 1914 akaingia katika shirika la Masista wa Upendo wa Mtakatifu Augustino. Alifundisha muziki hata afya yake ikavunjika. Ndipo akapewa kazi iliyohesabiwa kuwa nyepesi, ya kupokea wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini Akron, Ohio. Tarehe 16 Agosti 1939, kwa ombi la Daktari Robert Smith, mmoja wa waanzilishi wawili wa chama kile kilichoanza mwaka 1935, alimpokea mlevi na kumwandika kuwa ana uvimbe mkali wa tumbo. Hospitali za siku zile hazikutaka walevi vitandani mwao. Mgonjwa yule alilazwa katika chumba kidogo cha kutayarishia maua.

Je, Sista alisema uongo? Wanafunzi wa maadili watafurahi kubishana, na pombe kweli huchoma tumbo. Kwetu lililo zito zaidi ni kwamba daftari lilikuwa mkononi mwake, naye akalitumia kumwingiza mtu ambaye utaratibu ulikuwa umekwisha kumtoa.

Sharika zetu nazo zina daftari. Katika nchi hii ya uwele na mtama, mama wa nyumba hupika pombe apate fedha za sare na madaftari ya watoto, na mume wa jirani huinywa mpaka shamba la alizeti likaota magugu. Baraza la Wazee humwonya, kisha humtenga na Meza ya Bwana. Baada ya miezi au miaka, akiwa ameacha, hurudi kundini mbele ya usharika wote. Hatusemi nidhamu hiyo ifutwe. Twauliza tu ni nani anayekaa naye kati ya siku ile ya kutengwa na siku hii ya kurudi. Mara nyingi ni wanywaji wenzake peke yao.

Huko Akron mlevi alipewa siku tano, na kila siku ilikuwa na kazi yake: kupokelewa, kutambua, kujichunguza, kuazimia, na kupanga maisha ya mbele. Msomaji atazame mpangilio huo. Kupokelewa kumetangulia, hali mtu angali ananuka pombe. Kuazimia ni kwa siku ya nne. Mlutheri hana budi kuitambua njia hii. Hatua ya kwanza kati ya zile Kumi na Mbili hukiri kwamba mtu hana nguvu juu ya pombe, na Luther aliandika juu ya utumwa wa utashi mwaka 1525. Tena wale wa kwanza wa Akron walikuwa wakikutana ndani ya kundi la Oxford, lililoasisiwa na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri wa Marekani. Walijitenga nalo mwaka 1939. Mizizi hiyo ni yetu pia.

Kuna jambo tusilokubaliana naye. Aliyeondoka hospitalini alipewa beji ya Moyo Mtakatifu, akaahidi kuirudisha kabla ya kunywa tena. Dhamiri dhaifu yaweza kuigeuza beji kuwa hirizi, na ahadi kuwa sheria mpya. Hata hivyo ahadi hiyo ilimlazimu anayetaka kuanguka apite kwanza mlangoni kwa Sista, na hapo mzee wa kanisa ana la kujifunza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu au ya Wakatoliki. Lakini huko Zanzibar, tangu mwaka 2009, Waislamu waliotekwa na dawa za kulevya wameishi pamoja katika nyumba za kupata nafuu wakizifuata Hatua hizo hizo.

Hadi Daktari Smith alipofariki mwaka 1950, wagonjwa waliopita mikononi mwao wawili walikuwa karibu 5,000. Mwaka 1952 Sista alihamishiwa Cleveland, akaanzisha wodi aliyoiita Rosary Hall Solarium, akaihudumia kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1966. Herufi za mwanzo za jina hilo ni R.H.S., yaani Robert Holbrook Smith, daktari asiye Mkatoliki, aliyeandikwa hivyo juu ya mlango wa Rozari.

Kitabu ni cha Kiingereza. Mwanafunzi mwenye haraka aanzie kwenye sura za Akron.